Baba Amekataa Tambi Nyembamba

Jumatatu, 3 Juni
Baba kapaliwa tena. Mbele ya bakuli la batchoy, supu yake ya siku zote. Macho yamemtoka, nampiga mgongoni kama napiga zulia. Ikatoka tambi moja — nzima, ndefu. Nesi alinionya tangu kile kiharusi: zile tambi nene za miki asile, koo limelala upande mmoja. Lakini alikuwa kagomea uji, nikalegea.
Basi. Miki mwisho nyumba hii.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua tambi za misua soko la hapa mtaani, La Paz. Nyembamba kama nywele, zikigusa mchuzi wa moto tu zimelainika. Mchuzi uleule: mifupa, maini, uboho, kitunguu saumu cha kukaanga. Ngozi ya nguruwe nimeiacha, itamkwaruza.
Kachungulia bakuli. Kafunga mdomo. Nikasogeza kijiko, akageukia ukuta. Mtu aliyeuza batchoy sokoni maisha yake yote! Nikamwambia nimepika kama alivyonifundisha. Tambi zikavimba zikawa uji. Nimezila mimi, nimesimama, kwa hasira.
Na zilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Leo tambi za choroko, zile zinazong'aa. Nimezikata kwa mkasi. Zikateleza kijikoni, zikamwangukia kifuani. Alicheka au alilia, sijui. Nusu ya uso wake hainiambii kitu.
Rodel kapiga simu ya video kutoka Dubai. Mdogo wangu, bingwa wa mawaidha. Dada, jaribu tambi za mchele. Dada, saga kila kitu kwenye blenda. Dada, usimkaripie. Nikamwelekezea Baba simu, waongee wenyewe. Rodel akambembeleza ale, maana dada anachoka.
Baba akajibu, maneno yanaburutika lakini yameeleweka: "Hiyo si batchoy."
Rodel akacheka. Nimekata simu.

Ijumaa, 7 Juni
Hakula. Uji kidogo tu, mwingine umeishia shingoni. Shati linamning'inia.

Jumamosi, 8 Juni
Nesi kaja. Kampima uzito, kisha kaniuliza kwa upole kama tumefikiria mpira wa kulishia, ule wa puani. Baba yupo palepale, anasikia! Nikamtoa nesi barazani nikamwambia hatujafika huko. Anaweza kumeza, hataki tu. Akasema mwili haujui tofauti.
Nikarudi ndani nikamfokea Baba. Nikamuuliza kama anataka kufa kwa ajili ya tambi. Najua jirani, Manang Pacing, amesikia, maana redio yake ilinyamaza ghafla. Nimejifungia bafuni mpaka nikatulia.

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka kanisani. Jikoni — unga! Sakafuni, mezani, kwenye nyusi zake. Kainuka kitini peke yake, sijui kashikilia nini. Mkono mzima unakanda, ule mwingine umelala mezani kama wa mtu mwingine. Yai limepasuka miguuni.
Nikaanza kugomba: ungeanguka, ungevunja nyonga, nani angekuinua? Hakuinua hata kichwa. Akajaribu kusukuma donge kwa mkono mmoja, likazunguka naye. Akajaribu tena. Likazunguka.
"Nyembamba," akasema. "Fupi." Akausogeza mti wa kusukumia upande wangu. "Inday, shika."
Inday, yaani binti yangu. Hajaniita hivyo tangu augue.
Nikamwambia hata ukizifanya nyembamba, hizo ni miki zilezile, utapaliwa. Akagonga meza kwa kidole: shika. Nikashika. Tumesukuma pamoja, yeye huku, mimi kule, ananikosoa kwa macho. Kila nikidhani imetosha anatikisa kichwa — bado, bado — mpaka nikaona maua ya kitambaa cha meza chini ya unga.
Sasa zimekatwa, fupi kama ukucha. Nampigia nesi nimuulize, hapokei. Baba amekaa mbele ya jiko, kijiko mkononi, kakishika mwenyewe. Mchuzi umechemka. Ananiita nizitie.