Ukumbini, Si Jikoni

Msambweni, 1955

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mikono yako naibusu kutoka huku mbali. Je, goti lako limepoa, au bado wapanda ngazi kwa kulalamika? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kikohozi kimeniacha tangu nihame chumba kilichokuwa karibu na tanuu la chokaa.

Najua Ami Salim, aliyejipa ukubwa wa nyumba tangu baba alipofariki, amekwisha kukwambia kwamba nauaibisha ukoo kwa kuchanganya chokaa pamoja na Wadigo. Ni kweli nachanganya. Mikono imechubuka na kuta zangu zimesimama wima. Mwanzoni mafundi walinitandikia mkeka kivulini, wakidhani Mwarabu amekuja kusimamia tu. Na Waarabu wenye maduka wakiniona barazani hunisukumia dele niwamiminie kahawa, maana sisi Waarabu wa Kishihiri kwao ni watumishi. Mkeka niliukunja. Dele nililiacha pale pale chini, nikaketi kama wao.

Sasa nisikilize, mama. Nataka kumwoa Mwanamisi, binti wa Fundi Juma, Mdigo anayenifundisha kazi. Kwa kuwa sina mzee huku, nilifanya ujinga: nilimwomba mmoja wa wale wenye maduka anipelekee posa, nikidhani neno lake lina uzito. Alikwenda na halua yangu, akamwambia Fundi, "Shukuruni, mmepata Mwarabu." Halua ilirudi haijafunguliwa.

Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Fundi hakupandisha sauti.

"Kazi waijua, na adabu unayo," aliniambia. "Lakini nyinyi mwaoa kwetu, kisha mke mwamweka jikoni. Mamake akienda kumtazama, hupitishwa mlango wa uani. Binti yangu hatakwenda huko. Mlete mama yako. Ale sinia moja na mke wangu, ukumbini, watu wakiona. Siku hiyo nitakuoza."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu nilimkumbuka bibi, mama yako mzazi. Babu alimtoa bara, nyuma ya Malindi, naye akamzalia watoto watano, na sikumwona hata siku moja akila ukumbini. Ami anaposema damu yetu haikuchanganyika na ya mtu, wewe hutazama chini. Inaniuma sana, mama. Mimi simwonei haya bibi, na yaliyompata hayatampata Mwanamisi.

Ami mwambie sirudi. Akitaka kunitoa katika ukoo, na anitoe. Nitaoa hapa, nitajenga hapa, na wanangu nitawaambia nyanya zao walikuwa akina nani.

Wewe nakuomba uje. Ukifika Mombasa, vuka Likoni, panda lori la Msambweni, nitakuwapo linaposimama. Usilete zawadi ya kuwashangaza watu. Njoo wewe tu, na njaa yako.

Nisalimie dada Khadija na kitoto chake nisichokiona bado, shangazi Maryamu anayekuoshea nguo goti likikuzidia, na Maalim Ali aliyenisomesha chuoni. Mwambie sala siziachi, hata nikiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi.

Jana Fundi aliniuliza tena kama kweli utakubali kuketi na mkewe. Nilimwapia Mungu kwamba utakubali.

Ni mimi mwanao,
Abdalla