Ngazi Kumi na Mbili za Mnara wa Asinelli

Molinella, 2 Februari 1987

Novella wangu anahitimu mwezi ujao, dada Argia.

Haya sasa, hujambo? Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima. Naandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Mhandisi wa majengo, mtoto wa mshona magunia! Nimeshamwambia padri, muuza mikate, na yule mama wa posta ambaye mwanawe alifeli.

Miaka mitano amelala kwako, mpaka akija nyumbani anasema supu yangu ina chumvi. Nimevumilia. Lakini mnara ni wangu. Mwanafunzi akipanda Asinelli kabla ya kuhitimu, hahitimu, hilo hata paka wa Bologna wanalijua. Siku ya kuhitimu atapanda mara ya kwanza, na atapanda na mimi. Wewe utabaki chini na mikoba.

Mdogo wako,
Iolanda

Bologna, 7 Februari 1987

Mdogo wangu Iolanda,

Salamu zimefika, na mikoba nimeiona. Miguu haijambo.

Nilitaka kunyamaza, umenichokoza. Novella alishapanda, mwaka wa kwanza, na mimi. Mwalimu aliwataka wanafunzi wachore jinsi ngazi za mbao zilivyoshikizwa ukutani. Alilia kwa kuogopa mkosi, nikamwambia, "Twende, mkosi nitaubeba mimi." Nikamshikia taa, akachora. Aliniapisha nisikwambie.

Wewe una mtoto. Mimi nina dirisha juu ya matao ya barabarani na chumba kitakachobaki kitupu. Niachie japo siku ile ya mnara.

Dada yako,
Argia

Molinella, 9 Machi 1987

Dada Argia,

Za siku nyingi? Ulipopiga simu nilimtuma mume wangu aseme nipo kwa kuku. Sikuwa kwa kuku. Nilikuwa nimekaa pale pale, nina wivu mpaka mkate haushuki, nakuona umeshika ile taa. Na mkosi je, niliwaza, asipohitimu?

Jana Novella alikuja, nikamuuliza. Akacheka. "Mtihani wa mwisho nimeshafaulu, mama. Na kule juu hatukufika. Zilibaki ngazi kumi na mbili, nikagoma. Mama mkubwa alinisukuma, nikamwambia hizo ni za mama."

Hilo hukuliandika, dada. Hata mimi ningelificha.

Basi taji la majani la mhitimu utamvika wewe. Kisha utapanda nasi, taratibu, na kwenye zile kumi na mbili utasimama unishikie mkoba. Nikishashiba kuziona paa zote nyekundu, nitakuita.

Waambie binamu wote: chini ya mnara, saa nne asubuhi, Alhamisi tarehe 19 Machi.

Mdogo wako,
Iolanda