Kamande, Bolti Yako Imeshakunjwa

Mwaka umetimia, Baba Trizah, tangu ile Jumamosi uliyoketi barazani kwetu Muyeye ukiwa na bolti mikononi, ukaanguka kabla hujamaliza kuikunja. Siku mbili baadaye kiharusi kikakuondoa, wewe Kamande uliyekuwa ukikunja chuma bila nyundo wala koleo. Mimi mkeo Jedida ndiye ninayeandika kwa niaba ya nyumba nzima. Watu wameniomba niandike maneno matamu. Nitajaribu, lakini bado nimekukasirikia.

Ulikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Miaka kumi na tisa uliuza misumari, mabati na saruji katika duka la Taib, na mzee akija na mkokoteni bila mtu wa kumsaidia, ulimpakilia mwenyewe na kumsukumia hadi barabarani. Misumari uliyoiokota njiani uliitia mfukoni ili isimchome mtoto anayetembea pekupeku. Hukuwahi kumpandishia mtu sauti, hata mimi nilipokuwa nikikupandishia yangu.

Huu mchezo wa kukunja uliuanza siku mteja alipokutania kwamba muuza misumari ana mikono laini kama ya karani. Ukarudi nyumbani na msumari wa inchi nne. Ulizifunga ncha kwa vipande vya suruali yako kuukuu ya jinzi ili chuma kisikutoboe kiganja, ukauweka chini ya kidevu, viwiko juu, ukabana pumzi mpaka uso ukaiva. Siku ile haukupinda hata kidogo. Baada ya mwezi ukapinda. Ukaja wa inchi tano, ukaja wa inchi sita, halafu bolti. Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi zilikuwa za kukunja, siku nyingine za kupumzisha mikono, na hakuna mgeni wala mvua iliyokubadilishia ratiba.

Misumari uliyoikunja haikutupwa. Kila mpangaji aliyehamia kwenye ploti yetu alipewa mmoja, ukampigilia nyuma ya mlango ili atundike taulo. Mifuko ya suruali zako ilitoboka yote, nikashona mpaka nikachoka. Kuna Jumapili ulitia mkono mfukoni wakati wa sadaka, msumari ukaangukia kwenye sahani ukalia kanisa zima likasikia. Mchungaji alikutazama. Ulicheka kuliko sisi sote.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi.

Ulipopimwa ukaambiwa una presha, muuguzi alikupa vidonge na kukuonya kuhusu kule kubana pumzi. Vidonge ukameza wiki moja.

"Mama Trizah, hizi dawa zinalegeza mkono," ukaniambia. "Msumari wa inchi sita umenishinda, na mwezi uliopita nilikuwa naukunja huku napiga stori."

"Wiki hii hii si umeshusha lori zima la saruji?" nikakuuliza. "Mkono utaachaje kulegea?"

"Hiyo ni kazi ya mgongo, si ya mkono."

Nikakubembeleza, nikakugombeza, mwishowe ukasema haya, utameza. Kila asubuhi nilikupa maji, ukatia kidonge kinywani, ukanirudishia kikombe na kunishukuru. Tulipomaliza matanga nikamwaga lile kopo la maziwa ya unga ulimowekea misumari. Chini yake nikakuta vidonge vya miezi mitano, vingine vimeshika kutu. Nilikaa chini palepale jikoni nikakutukana, Mungu anisamehe, kisha nikalia. Muuguzi alikuambia waziwazi kwamba dawa ikikusumbua urudi akubadilishie. Kurudi tu, Baba Trizah! Kutoka dukani hadi zahanati ni mwendo wa kumaliza kula muhogo mmoja wa kuchoma.

Ungeondoka na ukaidi wako ningenyamaza. Lakini umemrithisha mdogo wako.

Njenga alikuja kutoka Mtwapa kukuzika, akaomba apewe lile kopo na vile vitambaa vya jinzi viwe kumbukumbu. Nikampa, nani angemnyima? Sasa anakunja msumari wa inchi sita. Mwezi wa nne alipimwa, akaambiwa presha iko juu, akapewa vidonge kama vyako. Nikampigia simu kumuuliza kama anavimeza.

"Shemeji, hizo dawa humaliza mtu nguvu," akanijibu. "Kamande mwenyewe aliniambia."

Nilihisi kama nakusikia wewe. Na hakuishia hapo. Tulipokutana kupanga ibada ya leo, alisimama mbele ya jamaa wote akatangaza kwamba ile bolti uliyoiacha nusu ataimaliza yeye, siku ya kumbukumbu, watu wakitazama. "Siwezi kuiacha kazi ya ndugu yangu njiani," akasema. Walimpigia makofi. Mimi nikafungua kinywa, binti yetu Trizah akanikanyaga mguu chini ya meza.

Bolti yenyewe nilikuwa nimeiweka kabatini katika leso yangu, imepinda kama kiwiko. Mara kwa mara niliitoa nikaishika pale ulipokuwa umeishika wewe. Sitadanganya, niliipenda. Ni kitu cha mwisho kilichokuwa mikononi mwako, na ilibidi tukufungue vidole ili tukitoe. Lakini kila nilipoitazama baada ya siku ile nilimwona Njenga chini sakafuni, mbele ya mama yenu.

Nikaipeleka kwa Taib.

"Nimalizie hii," nikamwambia.

"Mama Trizah, una yakini? Hii ndiyo kumbukumbu ya marehemu."

"Nina yakini."

Akaibana kwenye jiliwa, ile mashine ya kubania chuma iliyo nyuma ya kaunta, akaivisha kipande cha bomba, akaegemea. Bolti ikakunjika. Chai aliyoniagizia ilikuwa bado inatoka moshi. Kazi iliyokuua imemalizwa na mzee mwenye sukari, ambaye hajawahi kuruka dawa zake hata siku moja. Taib alifuta macho kwa kofia yake.

"Allah amrehemu," akasema. "Mara ngapi nilimwambia kwamba hapa dukani tuna jiliwa?"

Njenga alipopata habari alinijia juu. Alisema nimekuvunjia heshima, kwamba mwanamke hajui maana ya nguvu za mkono, na tangu hapo wiki ya pili hii hapokei simu yangu. Huenda kweli nimekuvunjia heshima. Kama ni hivyo, tutasemezana tukikutana huko uliko, na wewe utanieleza habari za kopo.

Lakini gazeti Njenga halimpiti, na huanza kulisoma kwenye kurasa hizi za waliotutoka. Kwa hiyo nakuambia wewe, Kamande, na mwenye masikio asikie. Hakuna bolti iliyobaki. Hakuna kazi ya ndugu ya kumaliziwa. Trizah ameomba ruhusa kazini, na Jumanne saa mbili asubuhi atakuwa langoni mwa zahanati ya Mtwapa akimngoja baba yake mdogo. Apimwe upya. Kama dawa zinamlegeza, amwambie muuguzi, si misumari. Na muuguzi akimruhusu kuendelea kukunja, akunje. Suruali zake alete hapa, mifuko nitamshonea mimi mwenyewe kama nilivyokuwa nikikushonea wewe.

Nimekukosa, Baba Trizah. Baraza limekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi huwa bado nakusogezea kigoda bila kufikiri, kisha nakumbuka nilichofanya, nakirudisha ndani kwa hasira. Ningependa kukulilia bila hasira. Bado sijaweza.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Jedida, binti yako Trizah, mama yako mzazi aliyesafiri kutoka bara kuja kuwa nasi, tajiri na rafiki yako Taib pamoja na jamaa yake, wapangaji wote wenye msumari wako nyuma ya mlango, na ndugu yako Njenga. Ibada itafanyika leo saa nne asubuhi katika kanisa letu hapa Muyeye. Bolti itakuwa mezani kando ya picha yako, imekunjwa kabisa, ncha kwa ncha.

Wewe Kamande, tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Wewe Njenga, hatutaki kukukumbuka. Tunataka kukuona Jumanne.