Kisima Chako cha Mchangani Bado Kiko Wazi

Bibi,

Mwangaluka. Nimekuamkia kwa Kisukuma chetu, mengine nayaandika, maana kwa mdomo ningeshindwa.

Bomba limefika Shishiyu. Yale mabomba uliyosema yanafanana na nyoka waliokufa kando ya barabara, yote yamefukiwa, na maji ya ziwa sasa yanatoka karibu na ghala la pamba. Shuleni Bariadi tulifundishwa kwa Kiingereza jinsi maji yanavyotolewa bonde moja kupelekwa jingine. Nilifaulu. Wewe ulisema, "Ng'ombe ukimpeleka zizi geni, jioni anatafuta la zamani. Maji nayo hivyo hivyo." Nikacheka.

Siku hizi sicheki. Kabla maji hayajatoka, bomba linapumua. Pumzi ndefu, inakatika, inaanza tena. Kama wewe wiki ile ya mwisho. Wanawake kwenye foleni wananitania, "Msomi wa Bariadi, kinga ndoo, halikung'ati!" Nami najikuta nimebana pumzi yangu mpaka maji yatoke.

Bibi, nina jambo.

Uliniambia mwenyewe desturi ya ukoo wetu: mtu akifa, kisima chake cha mchangani, kile alichochimba kwenye mto mkavu, kinafukiwa na yule aliyemchotea maji ya mwisho. Kisipofukiwa, mwenyewe hatulii, anarudi kuchota. Siku ya kuanua matanga Mjomba Masanja alinipa jembe mbele ya watu. "Kabula, wewe ndiye uliyemchotea mama. Kafukie." Nikaenda mtoni, nikasimama, nikarudi. Nikasema nimefukia.

Sikukuchotea, Bibi.

Mchana ule uliomba, "Niletee ya kisima changu, yale ya baridi." Vijana waliokuwa wakifukia mabomba walikuwa wamekaa njiani wanakula. Jana yake walinipigia mluzi, nikajikwaa, ndoo yote ikanimwagikia, wakacheka sana. Nilipowaona tu nikageuka. Nikachota kwenye dumu la jirani, maji ya ziwa aliyoletewa na bodaboda kutoka kule bomba lilikotangulia kufika. Nikakwambia ni ya kisima chako.

Uliyashika mdomoni muda mrefu. Ukameza. Ukasema, "Haya yametoka mbali." Kisha, taratibu, "Yangu nitayafuata mwenyewe."

Ng'ombe hawakuwa wamerudi ulipokata roho.

Tangu bomba lije hakuna anayekwenda mtoni. Visima vya wengine vimeporomoka, upepo umevisawazisha, huwezi kujua vilikuwa wapi. Chako kiko wazi. Likizo hii nimekwenda mara tatu, jua la utosini. Kingo zimelowa. Kata yako ya kibuyu niliiacha nimeifudikiza, naikuta imetazama juu. Na pembeni, kwenye mchanga mkavu, kuna duara dogo la unyevu, pale pale ulipokuwa ukiurudishia mto kata ya kwanza kabla hujajaza mtungi. Nyayo ni zangu tu.

Sijakimbia. Naifudikiza tena, ndipo naondoka.

Leo asubuhi nimemwambia Mjomba. Nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari. Alisoma, akarudia. Nilingoja anichape au anifokee. Alivua kofia tu, akatazama upande wa mto. "Kumbe bado ana kiu," akasema. "Mpelekee."

Basi kesho, kabla sijarudi shule, nitapita mbele ya foleni ya bombani na mtungi wako kichwani. Wacheke. Nitaujulia mto hali, nitarudisha kata ya kwanza kama ulivyonifundisha, halafu nitajaza. Nitakuletea mpaka kaburini, nisimpe mtu anipokee njiani. Ukishakunywa ndipo nitarudi na jembe. Hilo nakuahidi, na safari hii sikudanganyi.

Pumzika, Bibi yangu.

Ila nikikukuta pale kisimani umeinama, tafadhali usigeuke. Niachie kata tu. Nitachota mimi.

Mjukuu wako,
Kabula