Mama Kendi, Wamekuja Kuniuliza Jinsi ya Kusafiri

Mama Kendi wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoishi nacho. Kimbeere chako cha Siakago na Kimeru changu vinaelewana vizuri mpaka watu wakasirike. Hapo kila mmoja hukimbilia maneno ya kwao, na ndiyo sababu sisi tulikuwa tunahamia Kiswahili, ili tugombane sawasawa. Miaka arobaini na mmoja. Ninajua kwamba barua hii haitakufikia. Lakini kuna jambo sijakwambia, na mwezi huu limenizidi.

Unakumbuka Kendi alivyopiga simu kutoka Viena kutuambia amejifungua msichana? Ulikuwa unachambua ndengu pale nje. Akakwambia mtoto ameitwa Wawira, jina lako, kwa sababu mumewe ni mtu wa huko na kwao hakuna aliyedai mtoto aitwe jina la mama wa mume. Ulisimama na simu ukazunguka jikoni kwa nje mara mbili, ndengu zikamwagika zote, kuku wakala. Wiki nzima Makutano hakuna aliyepona. Fundi wa viatu, mama wa mitumba, karani wa posta, wote waliambiwa: "Nimepata wajina Ulaya. Nitaenda kumwona."

Kendi ndiye aliyeogopa. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na mwaka ule wa kwanza wa korona alikuwa ameona mengi. "Mama, ngojeni kidogo. Nyinyi ni wazee," alisema.

"Mzee ni baba yako. Mimi nina sukari tu."

Ukashinda, kama kawaida. Mipaka ilipofunguliwa kidogo, na chanjo ikiwa bado haijafika kwetu, Kendi alianza kututumia sauti kwa simu, moja baada ya nyingine, na wewe ukawa unazinakili kwenye daftari. Ninakuona hadi leo, umekaa kwenye kile kigoda, unabonyeza, unasikiliza, unasimamisha, unaandika. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, msizitie kwenye sanduku. Ziwe kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe, maana jina la dukani huko hawalijui. Bima ya safari isomwe mpaka mwisho, kama inakubali umri wenu na kama inakubali korona. Anwani ya nyumba iandikwe kwenye karatasi kila mmoja awe nayo. Viatu viwe vya kutembea, si vya kanisani. Msipande tramu, lile garimoshi dogo la barabarani, asubuhi watu wakienda kazini. Madirisha yafunguliwe hata kukiwa na baridi. Msile ndani ya hoteli. Hilo la mwisho alilisema mara tatu, na wewe ulilipigia mstari.

Na uliyashika yote. Kwenye ndege ulimngoja yule abiria wa kando yako amalize kula na kuvaa barakoa yake ndipo ukavua yako, ukageukia dirishani, ukala haraka haraka kama mtoto aliyeiba sukari. Siku kumi za kwanza Viena tulikaa karantini kwenye chumba cha jirani aliyesafiri, ng'ambo ya ua, na Kendi akawa anamleta mtoto dirishani kwao ili umwone kwa mbali. Ulimsalimia kwa Kimbeere kwa sauti kubwa mpaka watu wa ghorofa ya juu wakafungua madirisha. Siku ya kumi na moja ulimshika. Ulikuwa umevaa barakoa, ukalalamika, "Huyu mtoto hatanijua. Anafikiri bibi yake ana mdomo wa kitambaa."

Siku zile za kutembea ndizo ninazozitafuta nikikaa peke yangu. Tulitoka saa nne, watu wa kazi wakiwa wameshapita. Kwenye tramu ulisalimia kila mtu uliyekaa karibu naye, na hakuna aliyejibu, na ukaniambia, "Hawa watu wamekosewa na nani?" Lile kanisa kubwa hatukuingia, tuliliangalia kutoka nje mpaka shingo zikauma. Tukala viazi vitamu ulivyochemsha kwa Kendi, tumekaa kwenye benchi, majani ya miti yakianguka mekundu. Bibi mmoja wa huko, mzee kutuzidi, alisimama mbali kidogo akaangalia chakula chetu. Ukamwekea kiazi kwenye karatasi mwisho wa benchi, ukarudi nyuma, akakichukua. Mkacheka wote wawili kwa macho tu.

Sasa nikwambie.

Siku ya Alhamisi, wiki yetu ya tatu, Kendi alinituma duka la dawa kukununulia mafuta ya miguu. Nikiwa njiani kurudi mvua ikaanza, ile mvua yao ya baridi inayoingia kwenye mifupa. Mbele yangu kulikuwa na hoteli ya kahawa. Unajua nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa miaka ishirini na tisa. Nimepima kahawa ya watu wote wa mteremko wetu, nimeisikia ikichacha kwenye matangi, nguo zangu ulizifua zikinuka kahawa, na nyumbani tulikunywa chai. Nilitaka kujua inakoishia. Nilijiambia nitasimama mlangoni tu mvua ipungue. Mtu akanifungulia, nikaingia, nikakaa. Ndani mlikuwa mmejaa watu wanaongea karibu karibu, madirisha yamefungwa. Nilitia barakoa mfukoni, kwa sababu utakunywaje na barakoa? Nikakaa karibu saa nzima. Na ilikuwa tamu, Mama Kendi. Sijawahi kukwambia kwamba ilikuwa tamu.

Niliporudi uliniuliza, "Umepotelea wapi?"

"Foleni," nikasema.

Jumatatu koo langu likaanza kuwasha. Nilisema ni baridi. Ulinichemshia tangawizi na ndimu, ukanikalia karibu, ukanishika paji la uso kwa mkono wako. Ningesema siku ile, Kendi angetutenga. Sikusema. Jumatano wewe ukaanza kukohoa, na hukukohoa kama mimi.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja asubuhi, wawili, wamejifunika kuanzia kichwani kama wavunaji wa asali wa kwenu. Kendi aliongea nao kwa haraka. Wakakuweka kwenye kiti, wakakushusha ngazi, nami nikafuata. Kwenye mlango wa chini mmoja alinyoosha kiganja: mwisho hapa. Hakuwa mkali. Neno lao nililokuwa nalijua lilikuwa moja tu, danke, asante. Kwa hiyo hilo ndilo nililosema. Nilisimama mlangoni na soksi nikawashukuru watu waliokuwa wanakuchukua.

Simu yako ilizima siku hiyo hiyo kwa sababu hatukukumbuka chaja. Ilikuwa ukutani, mimi ndiye niliyeiona jioni. Hospitali haikuruhusu mtu, na sisi wenyewe tulikuwa tumefungiwa ndani: tulipopimwa sote tulipatikana na korona, hata mtoto, na sote tulipona, mtoto bila hata kulia. Muuguzi mmoja alikuwa anampigia Kendi kwa simu yake mwenyewe. Siku moja aliuliza mgonjwa anasema nini, maana anarudia neno moja. Akakuwekea simu mdomoni. Ulikuwa unauliza kwa Kimbeere kama mbuzi wamehamishiwa kivulini. Kendi akajibu ndiyo, wamehamishwa. Mbuzi tuliwauza mwaka gani sisi?

Siku ya sita nilipewa simu niongee nawe. Nilikuwa nimejipanga kukwambia. Nilikaa wima kama mtu anayeenda kuhojiwa. Ukasema, kwa Kiswahili, polepole, "Umekula?"

Nikasema, "Nimekula."

Ukasema, "Vizuri." Muuguzi akasema umechoka.

Siku ya nane Kendi aliingia chumbani akakaa chini sakafuni, na sikuhitaji kuambiwa.

Tulikuzika huko. Kukurudisha kulishindikana, karatasi moja ikidai nyingine mpaka Kendi akachoka kulia ofisini. Tulikuwa watatu na padri. Nilirudi nyumbani na nguo zako, na ndugu yako mkubwa akanijia kutoka Siakago na watu wanne. Hawakunifokea. Walikunywa uji, kisha ndugu yako akasema, "Shemeji, ulienda na dada yetu, umerudi na sanduku la nguo. Sisi tukitaka kumlilia tutalilia wapi?" Nilimwonyesha pale chini ya mkuyu wa mpaka ambapo tungekuzika. Tuliangalia nyasi.

Nimeishi hivyo mwaka mmoja na nusu. Kisha mwezi jana wakaja Mwalimu Mutwiri na Nkatha wake, majirani wa juu ya mto. Kijana wao anafanya kazi Rotterdam, na sasa wamechanjwa, wanataka kwenda kumwona, na huko ugonjwa bado uko. Walikaa kwenye makochi yetu, Mwalimu ametoa kalamu kabisa.

"Baba Kendi, wewe ndiye unajua hizi safari. Tuambie mtu wa umri wetu afanye nini."

Nilitaka kuwaambia wasiende. Lakini Nkatha alikuwa na ile sura uliyokuwa nayo siku ya ndengu. Kwa hiyo nikawapa yote ya Kendi, na yangu juu yake. Kila mmoja abebe karatasi ya dawa za mwenzake, si zake tu. Kila mmoja awe na chaja mwilini, si ukutani. Mjifunze kwa lugha yao kusema "huyu ni mke wangu", kwa sababu asante peke yake haitoshi. Mkisikia koo likiwasha, semeni saa hiyo hiyo, hata kama ni aibu, hata kama ni vumbi. Mwalimu aliandika na kuandika. Na msikae ndani ya hoteli, nikasema. Kunyweni nje.

Nkatha akaniangalia. "Kwani nyinyi mlikaa ndani?"

"Hapana," nikasema.

Walienda. Jumatano iliyopita, saa tano asubuhi, nikiwa napogoa kahawa, simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu, na sauti yake sikuijua. Nkatha ameanza kukohoa tangu jana, ana joto, hataki kula. "Baba Kendi, nifanye nini?"

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nilimuuliza kama wameita daktari. Kijana wao ameita, wanakuja kumpima. Chaja iko? Iko. Karatasi ya dawa? Iko. Vitu vyote vilikuwepo, na bado alikuwa ananiuliza afanye nini, na mimi sikuwa na kitu kingine. Nikamwambia, "Mwalimu, kama kuna neno unataka kumwambia, mwambie kabla hawajafika mlangoni."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi. Juzi alichoka kutembea nikamwingiza ndani ya hoteli apumzike. Tulikaa masaa mawili. Ulituambia tusikae."

Hapo ndipo ningesema, Mama Kendi. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Nikasema, "Mungu yupo, Mwalimu." Ndivyo nilivyosema.

Alipiga tena kesho yake anacheka na kulia. Si korona. Ni mafua ya baridi tu, Nkatha ameshakunywa supu, anataka kuona bandari ambapo meli zinapakiwa.

Nilimwambia nimefurahi, na ilikuwa kweli. Lakini nilipokata simu hasira ikanipanda. Nilimkasirikia mwanamke ambaye hajanikosea lolote, aliyeleta uji hapa wiki nne mfululizo niliporudi bila wewe. Walikaa masaa mawili. Mimi sikumaliza hata saa moja. Na siwezi hata kujua kama ni mimi. Ingeweza kuwa ni kazini kwa Kendi, ingeweza kuwa ni tramu, au yule bibi wa kiazi, daktari alisema hakuna atakayejua. Watu hudhani neno hilo linafariji. Kama ingejulikana ni mimi, ningekuwa na pa kusimama.

Kendi hajui. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na siku hizi mtoto ndiye anayeshika simu na kusema maneno yake mawili matatu. Ana macho yako, hilo hata mumewe analiona. Kesho ni Jumapili. Nikimwambia, nitamtwisha mzigo ambao hataweza kuutua. Nisipomwambia, ataendelea kufikiri ni yeye aliyeleta ugonjwa kutoka kazini, kwa maana aliwahi kuniuliza hivyo, akilia, nami nikamwambia asifikirie mambo hayo.

Nimekwambia wewe kwanza. Haikunipa nafuu niliyotarajia, lakini nimekwambia.

Pumzika huko nilikokuacha, katika udongo wa watu, mpaka mmoja wetu apate njia ya kumfikia mwenzake.

Mume wako,
Baba Kendi