Mama Faustin Anataka Kuuona Uso Wangu

Jumanne, 4 Juni

Stoo ya duka la dawa tangu asubuhi. Nimepokea makatoni, nimepanga chupa, sijamwambia mtu neno zaidi ya "asante". Siku nzuri. Kisha Faustin kapiga simu kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, akaiharibu.

Mama yake anataka picha yangu. Uso, si kisogo. Bila picha hatatuma wazee kuja kuniposa, na parokiani kwao kuna binti wa kwaya ambaye mama anamtazama sana.

Nampenda Faustin. Hilo nalisema hapa tu.

Nimepekua albamu zote za nyumbani. Harusi ya dada: mimi ni kiwiko. Ubatizo wa mpwa: mimi ni nusu ya kitambaa cha kichwa. Miaka yote nimejificha kwa ustadi, leo ustadi umenitokea puani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata Jolie, mpiga picha. Kajitangaza kwenye simu: picha za nje kwa watu wenye aibu. Magauni ya maua, kofia za ukindu, vikapu, majani mabichi, kondoo. Mteja anamtazama kondoo, haitazami kamera. Nimemwandikia kuuliza kama nitalazimika kuongea. Kajibu: hapana. Nimempenda papo hapo.

Tumepatana: Jumamosi, malishoni Kanama.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu tupu.

Gauni lilikuwa na marinda mpaka chini. Nilifanana na pazia la sebuleni. Kondoo aliiona kofia yangu akatimua mbio hadi migombani. Mwenye kondoo akamfuata, hatukuwaona tena wote wawili.

Jolie si mtu wa kukata tamaa. Kaazima ng'ombe wa jirani, mpole, pembe ndefu, akamvisha shanga kwenye paji la uso ili picha ichangamke. Nikasimama kando yake. Kofia ikashuka yenyewe mpaka puani.

"Usiniangalie mi," Jolie akasema. "Ongea na ng'ombe."

Basi nikamsimulia ng'ombe habari zote za Faustin. Msikilizaji mzuri sana. Nilipofika kwa binti wa kwaya akanivua kofia, akaanza kuitafuna. Nikacheka kwa nguvu. Jolie akapiga.

Akina mama waliokuwa wakipita na magunia ya viazi walisimama barabarani, wakatutazama, wakapiga vigelegele. Nadhani wamependa gauni.

Jumapili, 9 Juni

Hawakupenda gauni.

Nimekulia Tanzania, lakini hicho si kisingizio, nilipaswa kujua. Huku kwa baba binti aliyejipamba akisimama na ng'ombe aliyepambwa, hakuna anayeuliza swali. Mahari imetolewa. Baada ya misa watu wamenishika mkono, wamenikumbatia, mmoja kanishauri nizae upesi. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi Spesioza, dada mkubwa wa baba na msimamizi wa ndoa zote za ukoo, katua hapa kabla ya chakula. Ng'ombe kaingia lini? Kapokelewa na nani? Mbona yeye hakuitwa? Nimemwambia ni ng'ombe wa picha tu. Kauliza kama ng'ombe wa picha anakamuliwa.

Baba haongei nami. Kaenda kukagua banda. Lina kuku.

Jumatatu, 10 Juni

Picha zimefika. Kofia, kofia, pua, kofia. Na moja ya uso wangu mzima, mdomo wazi, nacheka, kofia iko kinywani mwa ng'ombe. Nimeitazama sana. Si mbaya, wallahi. Nimemtumia Faustin kabla sijaghairi.

Jibu lake: "Hongera wewe na bwana yako."

Basi. Sasa simu yake haipatikani.

Jamani! Wale wauza viazi wanauza Goma. Habari imevuka mpaka kwa miguu yao, halafu mimi kwa mkono wangu mwenyewe nimempelekea ushahidi: gauni, ng'ombe, shanga, na meno yote nje. Nimelia chooni, Shangazi asinisikie.

Jumatano, 12 Juni

Kimya. Jolie kajitolea kwenda Goma kueleza. Shangazi naye kajitolea, na hilo limenitisha zaidi. Akienda Shangazi, Faustin hataoa mtu yeyote maishani.

Nitaenda mimi. Mimi, ninayesubiri jirani apite kwanza ndipo nifungue mlango! Jioni nimefanya mazoezi ya kupiga hodi. Nimeipigia hodi ndoo.

Jumamosi, 15 Juni

Nimevuka asubuhi, katikati ya wauza nyanya.

Geti kalifungua Faustin, macho mekundu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Ng'ombe ni wa kuazima, kondoo alitoroka, sina bwana mwingine, nakupenda. Kwa sauti, majirani wakisikia. Akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika tumbo.

Mama yake hakutoka. Pazia la mlango lilitikisika tu.

"Mama iko na haya sana," Faustin akaninong'oneza. "Wageni banamuogopesha. Aliomba foto ili azoee sura yako kwanza."

Nikaingia. Mama akanitupia jicho moja, nami moja, kisha wote wawili tukatazama sakafu. Alikuwa na beseni la maharage mabichi. Nikakaa mkekani, nikachukua fungu langu. Tumemenya mpaka yakaisha. Mara moja alinisogezea mto.

Nilipoaga ndipo akanong'ona, bila kuinua uso, kwamba mwezi ujao atakuja kwetu na wazee. "Lakini mi nitabakia ku jikoni."

Nimemwambia nitakaa naye huko.