Mabomba ya Hamisi na Birika Ninalolingoja

Temeke, Jumatano, baada ya adhuhuri

Mama Rehema, mke wangu,

Salamu kwanza, umbea baadaye. Goti linaendeleaje? Na yule jogoo wako mwizi bado yu hai? Mie jicho moja limeshafunguliwa, la pili nasubiri zamu. Daktari kaliosha kweli, maana sasa naona mpaka nisivyotakiwa kuviona. Ndiyo maana naandika. Kwa simu haifai: hapa kwa Rehema ukipiga chafya sebuleni, jikoni wanakuitikia, na wewe huko ungepayuka mpaka sokoni wajue. Barua hii naipeleka mwenyewe stendi ya Mbezi Luis nimkabidhi kondakta wa basi la Muheza. Nikimpa mtu wa nyumba hii ataifungua.

Uliniagiza nikae macho na mkwe wako Hamisi. Nimekaa.

Unakumbuka nilipokuwa tarishi, enzi za kompyuta za chogo? Karani Sefu alikuwa anaacha koti kwenye kiti ili bosi akichungulia aseme yupo. Lakini kompyuta haina adabu. Ukiiacha dakika kumi inaanza mchezo wake: kioo kinakuwa cheusi, linatoka bomba la kijani, linakata kona, linakuja jekundu linapita mgongoni mwake, mpaka kioo chote kimejaa mabomba yasiyopitisha hata tone la maji. Skrinseva, waliita. Nilikuwaga nasimama pale na faili mkononi mpaka miguu inakufa ganzi. Na siku moja, wallahi, bomba lilipokata kona pakatokea birika! Birika la chai, na mkono wake na mdomo wake. Nilirudi nyumbani kukusimulia, wewe ukaninusa pumzi.

Basi, mwezi uliopita nikawasimulia hawa mezani. Nikajigamba nilivyokuwa nasoma mabomba na kujua karani katoka muda gani. Rehema alicheka mpaka akapaliwa na wali. Hamisi hakucheka. Aliniuliza tu, "Baba, hilo birika lilikuwa rangi gani?" Siku ya nne akaniita kwenye kompyuta yake pale sebuleni, anapofanyia kazi ya ofisi yao. Mama Rehema, mabomba yaleyale! Kayatengeneza mwenyewe, kona kwa kona. "Na birika nimeliweka," akasema, "ila halitokei ovyo. Linakuja likitaka lenyewe."

Machozi yalinitoka, nikasingizia jicho. Halafu nikaanza kushuku. Mtu mwenye kazi anapata wapi siku nne za kuchora mabomba? Mkwe akikupa zawadi bila sababu, chungulia nyuma ya mlango.

Nikachunguza. Rehema akishaenda kufundisha, Hamisi anawasha kompyuta, anatundika koti kitini (koti, Temeke, kwa joto hili!) na kuniambia, "Baba, natoka kidogo." Kidogo gani? Mabomba yanajaa, yanafutika, yanajaa tena. Anarudi saa tisa, kaoga huko huko. Lakini masikioni ana unga wa mbao, na ananuka vanishi. Nikasema basi, huyu ana mwanamke, na anamchongea kitanda.

Jumatatu nikamfuata mpaka Keko, kwa maseremala. Najua, mkwe hafuatwi. Uliniagiza wewe, kwa hiyo aibu tugawane. Nikamkuta kapiga magoti kando ya barabara, anapiga msasa ubao wa kitanda.

"Cha nani hicho?" nikamuuliza kwa nyuma.

Akaruka. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Cha nani?"

"Cha mteja, baba."

"Huyo mteja anavaa kanzu au gauni?"

Fundi mwenye karakana akaangua kicheko. "Kanzu, mzee! Mteja mwenyewe padri. Hebu tazama upana wake. Hapo analala mtu na rozari yake, basi."

Hamisi akanivuta pembeni. Ofisi yao ilipunguza watu tangu kabla ya mfungo, naye yumo. Rehema hajui. "Nikimwambia leo, baba, kesho mama atajua, na kule Muheza ameshamtangazia kila mtu mkwe wake wa kompyuta. Fundi ananijaribu kwa kitanda hiki. Akinichukua, nitamwambia Rehema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nina kazi."

Sikumwamini kirahisi. Niliupapasa ule ubao wote nikitafuta kosa. Sikulipata, na nilitafuta hasa.

Nikamkumbuka Sefu. Bosi aliniuliza, "Yupo?" Mie na kiherehere changu: "Bosi, mabomba yameshajaa mara tatu." Akafukuzwa. Baadaye ndiyo tukasikia alikuwa anampelekea mkewe uji wodini. Wewe ulininunia wiki nzima, na ulikuwa na haki.

Sasa taabu niliyojitafutia: Rehema nimemfundisha mwenyewe kusoma mabomba. Akirudi mchana kula, jicho lake la kwanza linakwenda kwenye kompyuta. Kwa hiyo nikisikia viatu vyake uani, natikisa mausi, mabomba yanatoweka. Pembeni namimina chai nusu kikombe. "Baba, Hamisi yuko wapi?" "Katoka sasa hivi, mwanangu, hata chai yake haijapoa." Uzeeni nimekuwa tarishi wa uongo, na bila pensheni.

Nakuomba, mwache aseme mwenyewe. Ukifungua mdomo, nami nitamwambia dada yako nani alivunja sinia lake. Na huko sokoni punguza kumtangaza mkwe, sema tu ni mchapakazi. Hilo nimeliona kwa jicho langu jipya.

Nisalimie mdogo wangu fundi baiskeli, mwambie pampu yangu sijaisahau. Nisalimie dada yako, na yule mwalimu wa madrasa anayeniombea dua huku anakula mapapai yangu.

Leo bomba jekundu lilikuwa linaingia kona ya juu, pale pale birika lilipotokea miaka ile. Nimelisogelea mpaka pua karibu iguse kioo. Viatu vya Rehema hivyo, uani. Nikatikisa mausi.

Mimi mumeo, wa jicho moja na nusu,
Baba Rehema